Namna ya Kujifunza Mdundo wa Agbadza na Kuujua Wakati Wake

Waewe, wanaoishi kusini-mashariki mwa Ghana, kusini mwa Togo na katika sehemu ya Benin, huiita ngoma vu, na neno hilo lina upana uleule ambao Mswahili anaufahamu katika neno lake mwenyewe: ni chombo kilichowambwa ngozi, ni mchezo unaochezwa, tena ni shughuli iliyowakusanya watu. Naanza na neno hilo kwa makusudi, kwa sababu wengi wanaotaka kujifunza midundo ya Afrika Magharibi hushika maana ya kwanza tu, yaani mkono na ngozi, wakaziacha mbili zilizobaki. Mtu wa namna hiyo aweza kuyapiga mapigo yote bila kosa na bado akapiga mdundo wa jando mahali ambapo watu wanazika.

Agbadza inamfaa anayeanza kwa kuwa ni ngoma ya watu wote. Wazee wa Kiewe husimulia kwamba ilichipuka kutoka katika Atrikpui, ngoma ya vita, na vita vilipokoma ikabaki kuwa ngoma ya kukutanisha watu. Siku hizi husikika harusini, katika sikukuu na, zaidi ya kote, matangani. Asiyeizoea hushangaa kuwaona wafiwa na majirani wakicheza kwa bidii, wameinamisha viwiliwili mbele, mabega na mikono ikifunguka na kujikunja kama mabawa ya ndege; lakini kwa Waewe kumchezea marehemu ni sehemu ya kumsindikiza kwa heshima, na mdundo unaojifunza hapa ndio unaoibeba heshima hiyo.

Usianze na ngoma. Anza na gankogui, yaani kengele mbili za chuma zilizoshikana, kubwa yenye sauti nene na ndogo yenye sauti nyembamba, zinazogongwa kwa kijiti. Ukiwa huna, gonga chuma chochote chenye sauti kavu. Hesabu nafasi 12 zilizo sawa, kwa utulivu, kisha gonga katika nafasi ya 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12, na urudi kwenye 1 bila kusita. Kwa kawaida pigo la 1 huangukia kengele kubwa na mengine sita huangukia ile ndogo. Angalia mahali ambapo mapigo yanasogeleana: 5 na 6 zimeshikana, na 12 imeshikana na 1. Mianya hiyo miwili mifupi ndiyo inayoupa mdundo sura yake, na anayeharakisha ili mapigo yote yawe na umbali mmoja amekwisha kuiua Agbadza kabla ngoma yoyote haijalia.

Baada ya mkono kuzoea, ongeza miguu. Kanyaga katika nafasi ya 1, 4, 7 na 10, hatua nne zilizo sawa katika kila mzunguko, huku kengele ikiendelea. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, na sababu yake ni rahisi kuieleza: kati ya hatua hizo nne, kengele hukutana na mguu mara mbili tu, katika 1 na 10. Hatua ya 4 na ya 7 huangukia ukimya wa kengele, na mwili wa mtu asiyezoea huukimbia ukimya, ukataka mguu usogee mpaka ukutane na mlio. Ushikilie mguu mahali pake. Ni afadhali kukaa siku nyingi kwenye zoezi hili moja kuliko kukimbilia ngoma, kwa maana mchezaji hukanyaga hatua hizo hizo, na mpigaji asiyezihisi katika miguu yake hawezi kumtumikia mchezaji.

Jambo jingine linalochelewa kueleweka ni kwamba nafasi ya 1 husikika kama mahali pa kufikia zaidi ya mahali pa kuondokea. Ukihesabu kwa karatasi utaidhani kuwa ni mwanzo. Ukisikiliza, utaona kwamba kengele ndogo inatembea kutoka 3 na kuendelea mpaka 12 iisukumie sauti nene ya 1, na hapo ndipo pumzi inapotua.

Sasa chukua axatse, ambayo ni manyanga ya kibuyu kilichovikwa wavu wa shanga au mbegu. Keti, uishike juu ya paja, na uweke kiganja cha mkono wa pili juu yake. Kila kengele inapolia, manyanga hushuka na kugonga paja. Katika nafasi ya 4, 7, 9 na 11 hupanda na kugonga kiganja. Katika nafasi ya 2 hunyamaza. Ukifanya hivyo utagundua kwamba zile hatua mbili zilizokuwa zikikusumbua, 4 na 7, sasa zimejazwa na mpando wa manyanga. Chombo kinachodharauliwa na wageni ndicho kinachomfundisha mgeni mahali pa kukanyaga.

Ngoma ndogo kuliko zote, kaganu, hupigwa kwa vijiti viwili vyembamba na haina mengi: mapigo mawili baada ya kila hatua, yaani 2 na 3, 5 na 6, 8 na 9, 11 na 12. Mguu hukanyaga, kaganu hujibu mara mbili.

Kidi na sogo, ngoma mbili zilizobaki, ni habari nyingine. Katika Agbadza sogo ndiyo kiongozi na hupigwa kwa mikono mitupu, wakati kidi huijibu kwa vijiti. Mapigo yao huchukua umbo la maneno, na Waewe wana jina la lugha hiyo, vugbe, yaani sauti au lugha ya ngoma. Kwa hiyo sehemu ya sogo haifai kujifunzwa kwa namba kama tulivyofanya na kengele. Ijifunze kinywani kwanza, kwa silabi anazokutamkia mwalimu, kisha uulize maneno hayo yana maana gani na husemwa kwa ajili ya nani.

Swali hilo la mwisho lina uzito mkubwa zaidi nje ya Agbadza. Kwa Waasante wa Ghana, jozi ya ngoma iitwayo atumpan, moja ya sauti ya juu na nyingine ya chini, huiga panda-shuka za lugha ya Kitwi na kutamka sifa za machifu na za wahenga, hasa katika siku za Adae, yaani siku za kuwaenzi wahenga, ambazo hurudi kwa mzunguko wa siku 42. Atumpan inaposema, imesema, na anayeiga milio asiyoielewa ananena neno asilolijua mbele ya wanaolijua. Kwa Wayoruba wa Nigeria, bata ni ngoma za Shango, mungu wa radi, na heshima yake ni ya ibada. Kwa Wamalinke wa Guinea, mdundo wa Soli ni wa jando, Kassa ni wa kazi ya shambani, na Dununba ya eneo la Hamana ni ngoma ya wanaume wenye nguvu, ambao hucheza kwa kufuata marika yao. Midundo hiyo sasa hupigwa pia jukwaani, na sioni ubaya wa kuipiga huko, alimradi mpigaji aweze kuwaambia watazamaji imetoka katika shughuli gani.

Hata miongoni mwa Waewe wenyewe ipo mipaka. Ngoma za Yeve, dini ya jadi ya mungu wa radi, ni za waliokwisha kuingizwa katika dini hiyo, na mgeni hazipigi kwa kujifurahisha, hata akizisikia kila wiki.

Ukipata nafasi ya kuhudhuria ngoma ya Agbadza, msalimu kwanza azaguno, yaani mpiga ngoma mkuu, na usiguse chombo kabla hujaruhusiwa. Omba manyanga. Keti pembeni ya kengele, itikia nyimbo unazozijua, na uwatazame wachezaji miguuni badala ya kuitazama mikono ya wapigaji. Ukikabidhiwa kengele yenyewe, usiipambe wala kuongeza pigo, hata sogo ikichachamaa na waimbaji wakipaza sauti. Rudia mapigo yale saba, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka azaguno ainyamazishe ngoma.