Kabla ya kuhamia kaskazini na watoto: mambo ya kuzingatia kuhusu ugonjwa wa MS

Familia inayojiandaa kuhamia Oslo, Toronto au Minneapolis hununua makoti mazito, huhangaikia vyeti na kuulizia shule. Jua hakuna anayelifikiria. Hata hivyo, mtoto anayetolewa ukanda wa ikweta anaondoka mahali ambapo maltipo sklerosisi, au MS kama wengi wanavyoiita, ni nadra, na kupelekwa mahali ambapo ugonjwa huo ni wa kawaida zaidi. Katika MS, kinga ya mwili hushambulia utando wa mafuta unaofunika neva za ubongo, macho na uti wa mgongo. Mara nyingi hugundulika kati ya miaka 20 na 40, na wanawake huugua angalau mara mbili zaidi ya wanaume.

La kwanza kuangalia ni umri wa mtoto siku mnayohama. Daktari Geoffrey Dean, aliyechunguza MS miongoni mwa wahamiaji, aliona kwamba watu waliotoka Ulaya kwenda Afrika Kusini wakiwa bado watoto waliugua kwa nadra kuliko waliofika wakiwa watu wazima. Mwaka 1990 yeye na wenzake walionyesha upande wa pili: watoto waliozaliwa Uingereza kwa wazazi wa Karibiani waliugua karibu sawa na Waingereza wengine, ilhali wazazi wao walikuwa wameugua kwa nadra sana. Na wale wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu wajue kwamba utafiti wa Kaiser Permanente, shirika la huduma za afya la Marekani, kusini mwa California, uliotolewa mwaka 2013, ulikuta wanawake weusi wakiugua zaidi ya wanawake weupe. Miaka ya utoto na ujana ndiyo inayobeba uzito mkubwa, kwa hiyo maandalizi yaelekezwe kwa watoto kabla ya wazazi.

Panga habari ya vitamini D kabla ya kupanda ndege, kwa kuwa upungufu wake unahusishwa na MS. Ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua, na ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Nchini Uingereza, kuanzia Oktoba hadi mapema Machi, jua halina nguvu ya kutosha kwa kazi hiyo hata ukikaa nje mchana kutwa. Binti anayejistiri mwili mzima atapata kidogo hata wakati wa kiangazi. Huduma ya afya ya Uingereza inawashauri watu wenye asili ya Afrika wafikirie kunywa mikrogramu 10, yaani yuniti 400, kila siku mwaka mzima. Wanorwe wana desturi ya zamani ya kuwapa watoto mafuta ya ini la samaki majira ya baridi, na kwa maoni yangu hiyo ni ya kuigwa bila kusita. Samaki wenye mafuta kama vibua husaidia pia. Ila usizidishe: vitamini D nyingi kupita kiasi hudhuru figo, na dozi kubwa ni ya kuandikiwa na daktari baada ya kipimo cha damu.

Kuna pia kirusi cha Epstein-Barr, kinachohusishwa na MS, ambacho historia yake inaanzia kwetu. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walikitambua jijini London ndani ya uvimbe wa mgonjwa kutoka Uganda. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, baada ya kufuatilia askari wa Marekani zaidi ya milioni 10, walionyesha kwamba kuambukizwa kirusi hicho huongeza hatari ya MS takriban mara 32. Usiogope: karibu watu wazima wote duniani wanacho, na walio wengi kabisa hawataugua MS. Afrika Mashariki watoto hukipata wakiwa wadogo sana, kimyakimya. Kwenye nchi tajiri wengi hukipata ujanani kwa homa kali ya tezi, na homa hiyo ndiyo inayohusishwa zaidi na MS. Chanjo bado hakuna.

Moshi, kwa upande wake, uko mikononi mwenu. Uvutaji sigara huongeza hatari kwa takriban nusu, na anayevuta moshi wa mwenzake hasalimiki. Sweden, ambako wengi hutumia tumbaku ya kuweka mdomoni, watafiti hawakuona tumbaku hiyo ikiongeza hatari ya MS. Shaka ikaelekea kwenye mapafu yanayounguzwa na moshi. Nyumba ya baridi hufungwa madirisha miezi kadhaa, basi kubalianeni mapema kwamba ndani havuti mtu, hata mjomba mgeni. Shisha nayo ni moshi.

Kazi za kwanza za vijana wetu ugenini nazo zitazamwe. Utafiti wa Sweden umehusisha MS na mvuke wa rangi na vanishi, na pia na kazi za zamu za usiku kabla ya miaka 20. Kijana apewe barakoa inayofaa, alale vya kutosha. Uzito pia: msichana mwenye unene wa kupindukia akiwa na miaka 18 ana hatari mara mbili ya mwenzake.

Kabla ya kuondoka, waulizeni wazee. Je, kuna shangazi aliyepooza polepole, au aliyepoteza kuona jicho moja kisha likarudi, wakasema karogwa? Mzazi, ndugu au mtoto wa mgonjwa ana hatari ya asilimia chache tu, lakini daktari mpya anahitaji kuijua habari hiyo. Na kijana wenu ajue dalili: jicho kufifia huku likiuma linapogeuka, ganzi ya mguu au mkono, shoti mgongoni akiinamisha shingo, kuyumba. Ikidumu zaidi ya siku nzima, aende hospitali na aombe kuonana na daktari wa mishipa ya fahamu, kwa sababu dawa za leo hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema.