Kulaza boti msimu wa kusi: tangi, mpira na kabureta

Kusi likishika, mkondo wa Shela huchafuka, wageni hupungua, na boti nyingi za injini hapa Lamu hupandishwa pwani zikasubiri bahari itulie. Ulaya hulaza boti zao kwa ajili ya baridi na barafu. Kwa petroli hali ni moja: ikikaa kama miezi mitatu bila dawa huanza kuharibika. Rangi hukolea, harufu hugeuka kama ya vanishi, na ikikaukia ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, huacha utando unaoziba jeti, yaani vitundu vyake vya kupitishia petroli. Injini nyingi zinazogoma kuwaka msimu ukifunguka zimeharibika zikiwa zimelala, wala si baharini.

1. Pitisha upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ukatuama kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti. Fungua vifuniko vyote kabla ya kugusa swichi. Sigara ikae mbali.

2. Tafuta maji. Hapa usiwe na haraka. Maji huingia kwa kifuniko kilicholegea, kwa tundu la kupumulia, kwa dumu lililonyeshewa, na kwa jasho la tangi usiku. Petroli ni nyepesi, kwa hiyo maji hukaa chini kabisa, palepale mrija wa kunyonya unapofika. Vuta petroli ya chini ya tangi uitie kwenye chupa safi ya kioo, uiache itulie. Ukiona mstari umegawa chupa, ya chini ni maji. Endelea kuvuta mpaka chupa itoke safi. Kisha fungua filta ya kutenganisha maji, mwaga yaliyomo, utie mpya. Filta ya mwaka jana usiirudishe.

3. Amua tangi lijae au likauke. Tangi la kujengewa ndani lijaze karibu lote, ubakize nafasi ndogo, kama sehemu 5 kwa 100, kwa kuwa petroli hutanuka kwa joto. Tangi la kubeba mkononi limwage likauke ukishamaliza hatua ya 5. Nusu tangi ndiyo mbaya kuliko zote: hewa nyingi, unyevu mwingi.

4. Tia dawa ya kutunza petroli, kisha washa injini. Dawa itiwe kwenye petroli mpya, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Iliyokwisha kuharibika hairudi. Tumbukiza mguu wa injini kwenye pipa la maji baridi yasiyo ya chumvi, maji yapite juu ya tundu la kunyonyea, uiache ingurume dakika 10 hadi 15. Wengi hutia dawa tangini wakaondoka, kumbe kabureta bado ina petroli ya zamani. Usiiwashe kavu, bila maji, hata kidogo: impela, kigurudumu kinachosukuma maji ya kupoza injini, huungua upesi sana.

5. Kausha kabureta. Chomoa mpira wa petroli, iache injini izimike yenyewe, halafu fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta umwage masalio. Kuzimika peke yake hakutoshi. Kama kuna kabureta tatu, fungua zote tatu.

6. Kunja mpira uutazame: ukipasuka au ukinata, badilisha, pamoja na pampu ya mkono. Toa plagi, tia oili kidogo kwenye silinda, zungusha kwa mkono, rudisha plagi. Fungua waya za betri.

Maswali ya wanachama

*Fundi, yangu ni ya sindano za petroli, haina kabureta. Nayo niikaushe?*
La, ndugu yangu. Pampu yake hupozwa na kulainishwa na petroli hiyohiyo. Ipitishie petroli yenye dawa, uiache humo.

*Shukran kwa somo. Nimebakiwa na petroli iliyochanganywa oili, 50 kwa 1. Naweza kuitia kwenye pikipiki?*
Pikipiki nyingi za hapa ni za mipigo minne (four-stroke), zina oili yake ndani. Mchanganyiko huo utatoa moshi na kuchafua plagi. Mpe mwenye injini ya mipigo miwili (two-stroke) anayeendelea kuvua.

*Ami, mimi huiwasha dakika mbili kila Ijumaa. Si yatosha?*
Haitoshi, mwanangu. Dakika mbili haziipashi injini moto, na unyevu hubaki ndani. Petroli ya tangini nayo inazidi kuchakaa.

*Boti yetu ya Matondoni ni ya dizeli.*
Jazeni tangi, mwageni maji ya filta, tieni dawa ya kuua vijidudu: huota pale dizeli inapokutana na maji, vikafanya utelezi mweusi unaoziba filta. Msiikaushe, maana hewa ikiingia mtalazimika kuitoa kwenye mirija yote kabla haijawaka.