Kufanya kazi na Wajerumani: mambo ya kujua kabla miezi sita ya majaribio haijaisha

Mtanzania aliyewahi kufanya kazi Nairobi anaijua hali hii. Anaingia ofisini asubuhi, hajamaliza hata salamu, mwenzake Mkenya ameshamwambia "nipe hiyo faili." Wiki ya kwanza anaona watu hawa hawana adabu. Mkenya naye anasubiri huyu wa Dar afike kwenye hoja, maana habari za nyumbani, habari za watoto na "samahani naomba nikusumbue kidogo" zimekula muda. Baada ya miezi michache wanaelewana vizuri, na hakuna aliyelazimika kubadilisha tabia yake yote. Kila mmoja amejua kumsoma mwenzake. Wataalamu wanauita ujuzi huo akili ya kiutamaduni, na wewe uliyetoka kwetu umekuja ukiwa na msingi wake.

Hapa nazungumza na ndugu walioko Ujerumani, hasa wauguzi, wahudumu wa nyumba za wazee na walio kwenye Ausbildung, yaani mafunzo ya ufundi yanayochanganya darasa na kazi. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin Septemba 2024, na wengi wanaojiandaa kuja wanatumia nguvu zao zote kwenye lugha. Ni sawa, bila lugha huendi popote. Lakini unaweza kuwa na cheti cha Kijerumani cha B2, yaani ngazi ya juu ya kati, na bado ukakwama wodini, kwa sababu mwenzako anapima maneno yako kwa kipimo chake.

Chukua makabidhiano ya zamu, saa 12 asubuhi. Muuguzi wa usiku amechoka, anaongea haraka, pengine kwa lafudhi ya Bavaria au ya Saxony ambayo hukuisikia darasani. Mzee wa chumba fulani hakulala. Kidonda cha kisigino kimefungwa upya. Dawa ya presha isitolewe mpaka daktari afike. Halafu anauliza: "Alles klar?" (umeelewa yote?) Wewe unajibu "Ja" (ndiyo), ingawa hapo kwenye dawa ulipotea.

Kwetu jibu hilo ni heshima. Unamaanisha: nimekusikia, sitaki kukuchelewesha, mengine nitayauliza pembeni. Yeye amesikia jambo lingine: umeelewa, na kuanzia sasa wajibu ni wako. Ikifika saa 2 ukampa mzee kidonge kile, hakuna atakayekumbuka kwamba ulikuwa mpole. Kwa hiyo sema palepale: "Das mit dem Blutdruckmittel habe ich nicht verstanden" (hapo kwenye dawa ya presha sikuelewa). Au tumia njia iliyo bora zaidi, ya kurudia ulichosikia: "Ich wiederhole kurz" (narudia kwa ufupi), kisha utaje chumba, kidonda na dawa. Hakuna anayekudharau kwa hilo. Muuguzi mzoefu wa Kijerumani naye hurudia, na wakubwa wa wodi hupumua wanapomwona mgeni anafanya hivyo.

Kukataa nako kuna kanuni hiyohiyo. Msimamizi anakuomba uzibe pengo Jumapili, nawe unasema "nitaangalia", ambayo kwa mtu wa pwani ni hapana iliyovishwa nguo nzuri. Yeye anasubiri uangalie kweli. Jumamosi jioni anapiga simu, unasema huwezi, na hapo ndipo anakasirika. Mwambie mapema, "Am Sonntag kann ich leider nicht" (Jumapili kwa bahati mbaya siwezi). Huhitaji kutoa hadithi ndefu wala kumtaja mgonjwa wa kubuni.

Kitu kinachowaumiza watu wetu kuliko vyote, kwa ninavyoona, ni namna ya kukosolewa. Mkuu wa wodi anakuambia mbele ya wenzako kwamba ripoti ya kidonda haijakamilika, inakosa vipimo na saa. Hakutanguliza sifa, hakukuita chemba. Unarudi nyumbani ukiwa na hakika anakuchukia. Kesho yake anakukuta chumba cha chai, anakuuliza kuhusu Mombasa kwa furaha, na unachanganyikiwa zaidi. Kwa sehemu kubwa alimaanisha kile tu alichosema: ripoti ina upungufu, irekebishe. Jibu "Danke, ich ergänze das" (asante, nitaikamilisha), irekebishe siku hiyohiyo, yaishe. Na umtazame usoni anapozungumza. Kuinamisha macho mbele ya mkubwa kwetu ni malezi mema, ila kule wengi huona unaficha kitu au hujali.

Walio kwenye Ausbildung ya uuguzi wana haki ambayo wengi hawaidai kwa sababu ya haya. Sheria ya mafunzo hayo, iliyoanza kutumika 2020, inataka angalau asilimia 10 ya saa zako za vitendo ziwe za kuelekezwa na mwalimu wa vitendo, Praxisanleiter. Ukiona wiki zinapita unasukuma vitanda tu, muulize tarehe gani mtakaa pamoja. Kuomba kufundishwa wanakuona una bidii.

Ugonjwa sasa. Sisi tumelelewa kwamba mchapakazi huja hata akiwa na homa. Kwenye nyumba ya wazee hilo ni kosa, unawaletea virusi watu wa miaka 90. Piga simu kabla zamu haijaanza, na ugonjwa ukizidi siku 3 cheti cha daktari kinahitajika, ingawa mwajiri anaweza kukidai mapema zaidi, kwa hiyo soma mkataba wako.

Msiba una uzito zaidi, na hapa sitaki uwe wewe peke yako unayejifunza. Kwenye mkataba wa watumishi wa umma, TVöD, mfanyakazi hupewa siku 2 za kazi zenye malipo akifiwa na mwenzi, mtoto au mzazi. Kaka hayumo. Shangazi aliyekulea tangu ukiwa darasa la pili hayumo. Kwa Mjerumani shangazi ni mtu wa kumwona Krismasi, hawezi kukisia kwamba umefiwa na mama. Mweleze waziwazi: huyu ndiye aliyenilea, maziko ni keshokutwa, naomba likizo yangu ya mwaka au likizo bila malipo, na hii hapa zamu ninayoweza kubadilishana na mwenzangu. Ukija na ombi lenye tarehe, mara nyingi utasaidiwa. Ukinyamaza ukifikiri wanaona uso wako, hawataona, na usitarajie wodi nzima ije kukupa pole. Atakayeguswa pengine atakuachia kadi kwenye kabati lako. Ipokee kwa moyo, kwake hilo ni kubwa.

Mengine ni madogo. Anza na "Sie", "wewe" ya heshima, mpaka mkubwa akukaribishe kwenye "du", "wewe" ya kirafiki. Siku yako ya kuzaliwa wewe ndiye unayeleta keki. Kufika kabla ya saa ya zamu si sifa, ni kawaida.

Lakini usikubali mtu akuambie kwamba kila kitu ni utamaduni. Mgonjwa anayekutukana kwa sababu ya rangi yako, au mwenzako anayekuiga lafudhi kila siku, hayo si tofauti za mila. Sheria ya usawa ya Ujerumani, AGG ya 2006, inamtaka mwajiri akulinde, hata dhidi ya watu wasio wafanyakazi wake. Andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo. Mwambie msimamizi kwa maandishi, na kama kuna Betriebsrat, baraza la wafanyakazi, nenda ukawaone. Usikae na jambo hilo ukisema yataisha, kwani madai ya fidia chini ya sheria hiyo kwa kawaida lazima yawasilishwe kwa maandishi ndani ya miezi 2. Antidiskriminierungsstelle des Bundes, ofisi ya serikali kuu, hutoa ushauri bila malipo.

Kipindi cha majaribio kwa kawaida ni miezi 6, na ndani yake mfanyakazi anaweza kuachishwa kwa notisi ya wiki 2 tu. Wengi wetu husubiri mwezi wa 6 kusikia hukumu. Mwezi wa 3 omba mwenyewe dakika 20 na msimamizi wako, uende na daftari, umuulize maswali mawili: nini kinaenda vizuri, na nini nibadilishe kabla muda haujaisha. Atakuambia bila kuzungusha. Yaandike yote, na umwombe tarehe ya kukutana tena baada ya wiki 6.