Anza na boksi moja la karatasi
Wewe unayesoma historia huku moyo uko makumbusho au kwenye nyaraka, usingoje cheti. Omba kujitolea, upewe boksi moja tu la karatasi. Shika penseli, kalamu ya wino iache nje. Mpangilio ulioukuta usiuvuruge hata kama unakukera: barua iliyobanwa nyuma ya risiti inaonyesha mwenye karatasi hizo alivyofanya kazi, ukizitenganisha ushahidi huo haurudi. Kisha uorodheshe kwa kufuata ISAD(G), kanuni ya kimataifa ya kuelezea nyaraka. Ina vipengele 26, usiogope, 6 ndivyo vya lazima. Kwa upande wa makumbusho, andika maelezo ya kifaa kimoja kwa maneno 60, umsomee mtoto wa miaka 12. Akiangalia pembeni, andika upya.