Jinsi ya kupima umeme kwenye wino wa ngisi ukiwa hapa Lamu

Wino wa ngisi unapitisha umeme, ila kidogo mno, na wengi wakiupima wanapima chumvi ya bahari wakadhani ni wino. Rangi yenyewe ni melanini, jamii ya ile iliyo kwenye nywele nyeusi, na mwaka 1974 McGinness, Corry na Proctor huko Marekani walionyesha kipande cha melanini kinaweza kuwaka na kuzima kama swichi.

Nenda soko la samaki asubuhi, umwombe anayesafisha ngisi au dome akuwekee vifuko vya wino vikiwa vizima. Kamulia kwenye glasi ya maji ya mvua, maji ya kisima achana nayo, mengi ya huku yana chumvi. Tia siki nyeupe wino ugandane ushuke chini (ndimu usitie, asidi yake itabaki, siki inaruka ukikausha), mwaga maji ya juu, tia mengine ya mvua na siki kidogo, rudia tena na tena. Hapa ndipo kazi yote ilipo jamani, msiharakishe. Endelea mpaka maji unayomwaga yasome sawa kwenye mita ya kupimia umeme na maji ya mvua yenye siki kiasi hicho hicho ambayo hayajaguswa na wino.

Sasa chukua kioo, kisafishe kwa spiriti, bandika vipande viwili vya foili viachane milimita 1 hivi, paka wino katikati ugusane na foili zote mbili, anika kivulini. Tengeneza na kioo cha pili hivyo hivyo bila wino.

Ukiweka mita kwenye omu itaandika OL au 1 tu, yaani ukinzani umezidi uwezo wake. Weka kwenye volti DC, halafu unga mstari mmoja: betri ya volti 9, kioo, mita, rudi kwenye betri. Mita nyingi za dijitali zina ukinzani wa ndani wa megaomu 10 (omu milioni 10), zile rahisi sana megaomu 1, angalia karatasi yake. Gawa 9 kwa namba unayoiona, toa 1, zidisha kwa ukinzani wa mita. Kwa mita ya megaomu 10, ikisoma 0.09 basi wino wako una megaomu 990. Mimi naipenda sana njia hii, mita ya kawaida ya fundi inapima kitu ambacho ungedhani lazima uende maabara.

Tafuta mitungi miwili yenye vifuniko. Mmoja weka chumvi ya jikoni iliyoloweshwa ikawa kama uji, hewa ya ndani itatulia kwenye unyevu wa asilimia 75 hivi, wa pili weka vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Tia vioo vyote viwili kwenye mtungi mmoja, kisha siku nyingine kwenye wa pili, ila visiguse chumvi. Toa nyaya nje, ziba vizuri, acha usiku kucha. Wino mkavu utasoma karibu na sifuri, wa kwenye unyevu utapanda, na kama kioo kitupu nacho kimepanda vilevile basi ni uchafu, osha uanze upya. Zamani ilidhaniwa melanini ni kama silikoni ya kwenye chipu za kompyuta, lakini mwaka 2012 Mostert na wenzake walionyesha maji ndiyo yanayofanya melanini iachilie protoni (chembe zenye chaji chanya) zinazobeba umeme.

Soma namba kila mara dakika 1 baada ya kuunga, maana inashuka yenyewe. Geuza nyaya za betri: ikiruka juu halafu ikashuka tena, ni ayoni (chembe zenye chaji) zinazorundikana kwenye foili.