Bawaba za eleroni na eleveta zikianza kucheza: namna ya kuzitengeneza kwenye ndege nyepesi

Eleroni ni kipande kinachobembea nyuma ya bawa na kuilaza ndege upande; eleveta iko mkiani, nayo huinua na kushusha pua. Hapa eleroni ndiyo mfano. Usishike drili kabla hujajua ni nini hasa kinachocheza, maana mara nyingi bawaba husingiziwa kosa la bolti. Funga fimbo ya rubani isisogee, kisha shika ukingo wa nyuma wa eleroni uutikise juu na chini. Ikiwa eleroni inazunguka kidogo huku bawaba zimetulia, ulegevu uko kwenye waya, kwenye fito za kusukuma au kwenye bolti ya mkono wa eleroni, yaani kipande kinachopokea msukumo wa fito au waya. Mkono ukiwa na urefu wa mm 80, na kutoka bawaba hadi ukingo wa nyuma kukiwa na mm 320, nusu milimita ya ulegevu kwenye bolti huonekana kama milimita 2 nyuma. Ukibadilisha bawaba hapo umepoteza siku yako bure.

Bawaba yenyewe hupimwa kwa kidole. Weka ncha ya kidole juu ya mwanya, nusu kwenye bawa na nusu kwenye eleroni, mwenzako aisukume eleroni mbele, nyuma, juu na chini karibu na bawaba hiyo. Kidole husikia mruko mdogo ambao jicho halioni. Rudia kwenye kila bawaba na uandike. Tafuta pia poda nyeusi kuzunguka pini au vichwa vya riveti: hiyo ni alumini iliyosagika, na ikiwa imezunguka riveti, basi riveti ndizo zilizolegea, si pini.

Ulegevu huu si wa kuvumilia. Kasi ikipanda, hewa huanza kuipepesa eleroni, mtikisiko hujiongezea nguvu wenyewe, na unaweza kuing'oa ndani ya sekunde chache. Kiwango kinachoruhusiwa kimo kwenye kitabu cha matengenezo cha ndege yako, na pale kitabu kinaposema tofauti na maelezo haya, fuata kitabu.

Tuanze na bawaba ndefu yenye pini moja. Tegemeza eleroni kwa mtu au kwa stendi, ondoa kizuizi cha pini, kisha uivute kwa koleo huku ukiizungusha. Ifute na kuipima kwa maikromita. Sehemu zilizokuwa ndani ya vifundo, yaani vipete vya bawaba vinavyopitiwa na pini, huwa nyembamba kuliko kwingine, kama kidole kilichovaa pete miaka mingi. Pima pia mkia wake usiofanya kazi. Huo ndio unene wa asili. Pini ikiwa imelika na matundu bado ni ya duara, tia pini mpya ya chuma cha pua yenye unene uleule, na kazi imeisha. Chonga ncha yake iwe butu kama ya risasi, ipake mafuta mepesi, iingize ikizunguka polepole kwenye drili. Ikikwama usiigonge kwa nyundo. Kukwama maana yake bawaba haiko kwenye mstari, au kuna kifundo kilichopinda.

Wapo wanaobana vifundo kwa koleo ili vishike pini. Usifanye hivyo. Alumini iliyobanwa hupata ufa kwenye mkunjo, na ufa huo hujificha chini ya rangi mpaka siku kifundo kinapofunguka.

Matundu yakiwa yameshakuwa ya yai, badilisha bawaba nzima. Toboa kichwa tu cha riveti kwa keekee ya kipimo kilekile cha riveti, kisha usukume mkia wake utoke. Ukitoboa hadi chini unapanua tundu. Shika bawaba mpya kwa vibano vya muda, ukianza na miisho miwili halafu katikati, na nyoosha uzi kwenye mstari wa pini kabla ya kufunga riveti hata moja. Tundu la mm 3.2 lililopanuka hupandishwa hadi riveti ya mm 4, ila kati ya kitovu cha tundu na ukingo wa bati pabaki angalau mm 8, yaani mara mbili ya unene wa riveti. Pasipotosha, bati linahitaji kiraka. Paka praima ya epoksi kati ya bawaba na bati, hasa pale chuma kinapogusa alumini, kwa sababu unyevu ukiingia alumini ndiyo inayoliwa.

Bawaba za bolti na bushi (kibomba kifupi kinachovaa bolti) zina ugonjwa mwingine. Bolti inatakiwa kuibana bushi ya ndani, na mzunguko ufanyike juu ya bushi. Nati ikilegea, bolti yenyewe huzunguka na kula alumini. Badilisha bushi na bolti pamoja, na hakikisha sehemu laini ya bolti ndiyo inayokaa ndani ya tundu, si nyuzi zake. Kwenye kiungo kinachozunguka weka nati yenye meno na pini ya kupasua inayoizuia isifunguke. Nati ya nailoni pekee haitoshi. Ikiwa bolti imepita kwenye bomba la fremu, na tundu la bomba likishakuwa la yai, usilipanue kwa bolti nene zaidi, ukuta wa bomba utadhoofika: badilisha bomba, au utengeneze kwa mchoro wa mtengenezaji.

Kwa ulainishaji, tumia kilainishi kikavu cha tefloni. Grisi hukamata vumbi na kugeuka msasa, na grafaiti huharakisha kutu ya alumini.

Mwisho, funga kizuizi cha pini na pinda ncha zake. Kama umeongeza bati au rangi kwenye eleroni, pima upya mlingano wa uzito wake. Sukuma fimbo hadi mwisho pande zote, ukitazama kwamba eleroni inakwenda upande unaotakiwa. Mwite mtu mwingine ambaye hakuifanya kazi hiyo akague kabla ya kuruka, na baada ya safari ya kwanza rudia kipimo cha kidole kwenye kila bawaba uliyoigusa.