Jinsi ya kujua mbwa wako anakaribia kuzaa

Jike wangu wa kwanza alizaa chini ya mgomba, usiku wa mvua, mimi nimelala. Nilikuwa nimehesabu siku 63 tangu apandishwe, nikaona bado nne. Siku hizi kalenda naiandika, lakini ninachokiamini ni kipimajoto.

Hatua ya 1: Andika siku ya kupandishwa. Kama dume alimpanda mara mbili, andika zote mbili. Mimba ya mbwa ni kama siku 63, ila ukihesabu kutoka kupandishwa anaweza kuzaa popote kati ya siku ya 58 na ya 68. Mbegu za dume hukaa hai siku kadhaa tumboni zikisubiri mayai yakomae, ndiyo maana hesabu hupishana.

Hatua ya 2: Kufika siku ya 50, mwandalie mahali. Sanduku pana au kona yenye kiza, magazeti na matambara safi. Mzoeshe kulala hapo. Usipomchagulia, atajichagulia: uvunguni, stoo ya mkaa, mgombani.

Hatua ya 3: Pima joto, kuanzia siku ya 56. Nunua kipimajoto cha kidijitali duka la dawa, nacho kiwe cha mbwa tu. Kipake mafuta ya mgando, mtu amshike kichwa, ukiingize sentimita 2 hivi kwenye njia ya haja kubwa. Pima asubuhi na jioni, saa zilezile, uandike. Kwa kawaida utaona nyuzi 38 na kitu. Projesteroni, homoni inayoshikilia mimba, ikianguka, joto nalo hushuka chini ya 37.5. Hapo uchungu mara nyingi huanza ndani ya saa 24. Baadaye joto hupanda tena, kwa hiyo anayepima mara moja kwa siku anaweza asilione kabisa likishuka.

Hatua ya 4: Mtazame. Anaparua matandiko, anachimba, anatweta hata kukiwa na baridi, anatetemeka, anasusa chakula. Wengine hutapika. Mmoja wangu alikula ugali wake wote, akazaa saa moja baadaye, kwa hiyo sahani tupu isikudanganye. Maziwa vilevile: mzazi mzoefu huweza kuyatoa siku kadhaa kabla, wa mara ya kwanza siku yenyewe. Hali hii ya kuparua na kutweta huchukua saa 6 hadi 12, wakati mwingine 24. Ute mweupe unaovutika si tatizo.

Hatua ya 5: Akianza kusukuma, shika saa. Tumbo litakaza, na yeye atajikamua kama anayetaka haja. Mtoto kutanguliza miguu ya nyuma ni kawaida kwa mbwa, usimvute.

Mpigie daktari wa mifugo mara moja ukiona:

- amesukuma kwa nguvu dakika 30 bila mtoto kutoka
- majimaji ya kijani yametoka na mtoto wa kwanza hajaonekana
- saa 24 zimepita tangu joto lishuke, na uchungu haujaanza
- saa 2 zimepita baada ya mtoto mmoja, na wengine bado wamo

Kuna watu watakushauri umchome sindano ya kuongeza uchungu mwenyewe. Kataa. Mtoto akiwa amekwama, kizazi kinaweza kupasuka. Namba ya daktari itafute mapema, umuulize kabisa kama hupokea simu usiku, na upatane na mwenye gari, maana wangu karibu wote wamezaa baada ya saa sita za usiku.